Gari Iliyozimika Njia ya Gety

Gari ile ililetwa gereji kwangu asubuhi, ikienda vizuri kabisa. Ilikuwa jeep kuukuu ya kituo kimoja cha afya cha upande wa Gety, ndiyo iliyokuwa ikileta wagonjwa wazito hapa mjini Bunia. Dereva wake, mzee aliyeendesha malori ujana wake wote, alishuka, akafunga mlango polepole, akasimama mbele yangu kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi.

"Fundi, hii motokari inanizimikia mu njia," alisema. "Inazima yote: injini, mataa, hata honi. Kisha inarudia yenyewe. Kule kwa kituo banasema mimi mwenyewe njo ninaisimamisha, ati nipate kuuza mafuta."

"Inazimika fasi gani, mahali pamoja tu?"

"Fasi yoyote. Na ile njia unaijua, weye."

Niliijua. Kuna sehemu za barabara ile ambazo, kwa hofu ya wenye bunduki, dereva hasimami hata tairi ikipasuka. Anaendelea juu ya rimu mpaka awaone askari.

Mafundi wengine walikuwa wamekwisha kubadilisha bateri na swichi ya ufunguo. Niliacha injini iwake hadi ikapata joto kali, nikatikisa nyaya moja moja, nikazimwagia maji, nikaipitisha gari kwenye mashimo yote ya mtaa wetu. Haikuzima. Katika kazi yetu ya umeme wa magari hakuna kinachochosha kama ubovu wa kuja na kwenda. Waya uliokatika kabisa unajionyesha mara moja, lakini ule unaogusana na kuachana unakufanya ujione mjinga, maana kila unapopima, mambo ni sawa. Jioni nilimwambia mzee ukweli kwamba pale gereji sitauona ubovu ule. Lazima nisafiri na gari.

Mke wangu aliposikia aligeukia beseni. Aliendelea kuosha sahani ambazo zilikuwa zimekwisha kutakata.

Kesho yake, wakati wa kwenda, gari haikuzima hata mara moja. Mzee alikuwa akinitazama kwa aibu, kama mzazi ambaye mtoto wake mtundu amekuwa mpole mbele ya wageni. Tulipofika kituoni, mkunga alitoka mbio kabla injini haijazimwa. Mwanamke mmoja kijana alikuwa na uchungu tangu jana yake, mtoto hashuki, na sasa damu ilikuwa imeanza kutoka. Kumpasua kungewezekana Bunia tu. Tulimlaza nyuma juu ya godoro. Mama mkwe wake alimshika kichwa, mkunga akainua chupa ya serumu iliyokuwa ikimwingia mshipani, nami nikakaa mbele karibu na mzee, kitaa changu cha kupimia umeme kikiwa magotini.

Gari ilizima kwenye mlima, kabla ya kufika kijiji cha Bogoro. Haikukohoa wala kupunguza nguvu. Kilichobaki ni kimya, na sauti ya mwanamke nyuma.

Mzee alishuka, akafungua kapo, kile kifuniko cha injini, akatikisa nyaya kwa mikono miwili kama alivyozoea. Injini iliwaka. Tulisogea kidogo tu, ikafa tena, na mara hii kutikisa hakukusaidia. Pande zote mbili za barabara kulikuwa na majani marefu kuliko mtu, na hakuna gari jingine lililokuwa likija.

"Panda, ukae kwa usukani," nilimwambia. "Usiguse kitu mpaka nikuambie."

Kitaa kile ni kitu rahisi. Upande mmoja unabana kwenye chuma cha gari, upande wa pili una sindano ya kuchoma waya. Umeme ukiwepo, kinawaka. Nilichoma kwenye bateri, kikawaka. Mzee hakuweza kuniona kwa sababu ya kapo, akawa anauliza kwa sauti kubwa kila mara.

"Iko?"

"Iko!"

Nilichoma kwenye fyuzi kubwa. "Iko!" Nikaingia ndani, nikachoma pale waya unapofikia fyuzi ndogo chini ya usukani. "Haiko." Basi ubovu ulikuwa kati ya fyuzi kubwa na zile ndogo, mahali waya unapopita nyuma ya injini, penye joto, ambapo mkono hauingii vizuri.

"Mutoto yangu, fanya mbio," mama mkwe aliniambia. "Damu inazidi."

Nikageuka kumtazama.

"Usiangalie huku," mkunga alisema. "Fanya kazi yako."

Nilirudi mbele, nikaufuata waya kwa vidole, nikiuchoma kila nilipoweza. Ngozi ya kiganja ilikuwa ikiungua, na sikuisikia mpaka baadaye. Iko. Iko. Kisha nikafika kwenye chuma kimoja kilichoubana waya. Upande wa huku, iko. Upande wa kule, haiko. Haiko, haiko. Nilirudia kuchoma ili nisijidanganye, nikasema kwa sauti kila mara, maana mzee alikuwa bado anauliza.

Nikakikata na kukiondoa kipande kile kibovu, nikamenya plastiki kwa meno, nikaunganisha shaba safi kwa safi, nikafunga utepe. "Washa!"

Iliwaka, nasi tukapanda mlima. Nyuma mwanamke hakuwa akipiga kelele tena, na hakuna hata mmoja wetu mbele aliyethubutu kuuliza kwa nini.

Hospitalini walimpasua saa ileile. Yeye alipona. Mtoto, msichana, alitolewa hapumui. Daktari alimwambia mama mkwe kwamba hawezi kujua alikufa lini, kama ni njiani au kabla hatujaondoka Gety. Yule mama mkwe alitoka nje kutuambia habari hiyo, akaketi chini, mgongo kwenye gurudumu la gari. "Asante kwa kutufikisha," alisema. Mzee alipanda nyuma ya gari, akaanza kuliondoa godoro.

Kesho yake niliondoa waya wote nikaweka mwingine. Kile kipande kibovu, kwa nje, kilikuwa na kovu dogo tu. Ndani shaba ilikuwa imeoza, nyuzi zake zimekatika na kugusana ncha kwa ncha. Injini ikipata joto na gari ikiinama mlimani, ziliachana. Nilimpa mzee kipande hicho aende kuwaonyesha wale waliomwita mwizi. Aliniambia baadaye kwamba walikiangalia, wakapokezana, na hakuna aliyemwomba msamaha.

Kisha barabara ikafungwa kwa sababu ya mapigano, mwanamke yule akabaki Bunia kwa shangazi yake. Mzee naye, aliyekuwa amerudi Bunia na gari, alikwama mjini, akaniomba twende kumsalimia. Tulimkuta ameketi nje akichambua maharage, mwembamba sana.

"Weye njo ulikuwa unatengeneza motokari," aliniambia. "Sura yako sikuiona. Sauti ninaijua."

"Pole, mama," nilisema.

"Nilikuwa ninakusikia. Mulikuwa munasema iko, iko. Nilifikiri munasema mutoto iko muzima. Nikatulia. Kisha ukasema haiko. Ukasema tena, haiko." Aliacha kuchambua. "Pale njo niliacha kulia."

Mzee alivua kofia yake, akaishika mkononi. Nilitaka kumweleza mwanamke habari za kitaa na sindano, nikaanza, nikaona maneno yale hayana kazi yoyote pale.

Shangazi alituletea chai. Tulipoinuka kuaga, mwanamke alimuuliza mzee kama gari bado inatembea vizuri.

"Inatembea," mzee alisema. "Tangu ile siku haijazima."

"Ni vizuri. Mudogo yangu iko na mimba kule Gety," alisema, akavuta ungo karibu naye. "Njia ikifunguka, muende mumulete mapema. Musingoje uchungu."