Mkeka wa Surua

Adèle, muuza viazi wa Butembo, hakuwa mtu wa kubishana na mama mkwe wake. Miaka yote ya ndoa alipika, akachota maji, akanyamaza, na mtaa mzima ukamsifu kwa upole. Haya, siku moja upole ulimwisha, na mimi nasema ulichelewa.

Ilikuwa wakati wa vita, wenye bunduki hawa wakitoka na wengine wakiingia. Surua nayo ikaingia. Mtoto wa jirani alipotoka vipele, mama mkwe, mama Kaswera, alimbeba mjukuu wake mdogo, Kakule wa Adèle, akamlaze kwenye mkeka mmoja na mgonjwa. Ndivyo walivyofanya kwao Masereka: mtoto aipate mapema, mwili ujifunze, yaishe. Alimpenda yule mtoto, tusimsingizie. Aliyoiogopa ni sindano ya chanjo, maana watu walisema inaua uzazi.

Adèle alipata habari akiwa sokoni. Aliacha viazi chini, akakimbia. Bahati yake, mama Kaswera hakuingia nyumba ya mtu bila salamu ndefu, na alikuwa bado mlangoni anauliza habari za mashamba. Adèle alimtoa mtoto mikononi mwake, akamfunga mgongoni kwa kikwembe, akashika njia ya senta ya afya.

Kwenye bariere, kamba iliyokatiza barabara, askari alimwambia njia imefungwa, arudi. Adèle hakurudi.

"Naenda kuchanja mutoto," alisema. "Kama unataka kupiga risasi, piga huku mbele. Mugongoni iko mutoto."

Askari alimtazama weee, kisha akashusha kamba. Labda naye alikuwa na mtoto mahali. Adèle hakungoja kujua.

Aliporudi, mama Kaswera alikuwa amesimama katikati ya uwanja, na Gérard, mume wa Adèle, pembeni, anatazama vidole vya miguu yake. Mama Kaswera alisema yote: kwamba amedharauliwa mbele ya majirani, kwamba Paluku, mjukuu wake mkubwa, aliugua surua bila sindano yoyote na leo anabeba gunia la viazi peke yake.

Kwetu Wanande jina linafuata zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Katika uwanja ule walikuwa wawili tu, wa kwanza na wa nne.

"Ni kweli, mama," Adèle alisema. "Paluku alipona. Sasa ita wadogo zake. Ita Kambale. Ita Kasereka. Ita kwa nguvu, basikie."

 Gérard alianza kulia, naye Adèle akamwacha alie.

Baadaye mama Kaswera alikaa kwenye kiti chake, akanyoosha mikono apewe Kakule. Akauliza sindano imepita mkono gani, asije akaugusa.