Vidole Vitano vya Maji

Naikumbuka siku moja ya mafuriko pale Kulesa, mwanangu, na kila nikiikumbuka mkono wangu wa kushoto huwa mzito, ingawa siku hizi sivai kitu juu yake. Mimi si mzee wa mkongojo. Mvi zangu bado unaweza kuzihesabu. Lakini nimetembea sana, kutoka Bangale hadi Kipini, nimelala kwenye maboma ya wafugaji na kwenye vyumba vya kupanga vya Malindi, na katika safari zote hizo sikupata somo lililonikaa moyoni kama lile nililopewa nyumbani na shangazi yangu, kwa maneno machache sana.

Miaka ile nilikuwa utingo wa lori. Msimu mmoja wa mvua tulimkuta mgeni amekwama kwenye matope ya barabara ya Lamu, mbele kidogo ya Garsen. Alikuwa mtu wa magari ya mashindano, na gari lake lilikuwa limezama hadi milangoni. Tulihangaika naye siku mbili, tukikata matawi na kuyalaza chini ya magurudumu. Tulipomtoa, alimpa dereva wangu miwani yake ya jua, kisha akavua saa mkononi mwake akanivisha mimi.

Usifikirie saa kama hizi za dukani, mwanangu. Kasha lake lilikuwa la nyuzi za kaboni zilizoshindiliwa, jeusi, na ukiligeuza juani unaona michirizi kama ya mkeka uliosukwa kwa ukindu mwembamba. Duara la juu lilikuwa la kauri. Vitufe vya ubavuni vilikuwa vya titani, na kioo chake, alivyonieleza yule mgeni kwa Kiswahili cha kuokoteza, kilitengenezwa kwa yakuti ya kiwandani, huwezi kukikwaruza hata kwa msumari. Nilijaribu. Kweli hakikukwaruzika. Tena saa yenyewe ilikuwa nyepesi kama kiberiti kitupu. Ukibonyeza kitufe cha juu, mshale mwekundu unaanza kukimbia, na vile visaa vitatu vidogo vya ndani vinahesabu sekunde, dakika na saa. Ukikibonyeza tena, unasimama. Mgeni alisema mali ghafi hiyo ndiyo wanayoundia magari ya mbio na mabawa ya ndege. Nikaamini kwamba nimefungwa mkononi kitu kisichoweza kukosea.

Nikafika nyumbani nayo wakati mto umejaa.

Sisi watu wa mto tunajua kujaa kwa maji. Tunalima kwa sababu yake. Lakini mwaka ule mvua zilikuwa zimenyesha huko juu mto unakotoka bila kupumzika, na maji yalikuwa yamebakisha kidogo kuvuka ukingo. Shangazi yangu Zipora alikuwa amechomeka ufito wake pale ukingoni, ufito wenye alama, kila alama upana wa kidole kimoja. Ufito huo aliurithi kwa mama yake. Watu wa mtaa wetu walikuwa wakihama tu pale Shangazi aliposema tuhame.

Kuhama kwenyewe si jambo la mbali. Nyuma ya nyumba zetu kuna bonde refu, njia ya zamani ya mto, ambayo mto uliiacha kabla babu zetu hawajazaliwa. Ukilivuka bonde hilo unapanda kwenye ardhi ya juu, salama. Wakati wa kiangazi ni mahali pakavu, na kwa kuwa udongo wake unashika unyevu, ndipo tunapopanda mpunga. Mwaka huo binamu yangu Komora, mtoto wa Shangazi, alikuwa na shamba zuri mle bondeni. Alikuwa ameoa miezi michache nyuma na mpunga ule ndio uliokuwa chakula cha nyumba yake mpya. Nusu ulikuwa umevunwa. Nusu ulikuwa bado umesimama, umeiva hasa.

Asubuhi ile nilikaa kando ya ufito na saa yangu. Maji yakigusa alama, nabonyeza. Yakigusa alama ya pili, natazama. Kidole cha kwanza kilichukua dakika kumi na mbili. Cha pili, kumi na saba. Cha tatu, ishirini na tatu. Cha nne kilichukua nusu saa kamili. Watu walikuwa wamenizunguka, na mimi nilikuwa nikitangaza kila dakika kama mtu wa redio.

“Mto unachoka!” nikasema. “Mnaona wenyewe. Mwendo wake unapungua.”

Shangazi alikuwa akifunga kuku miguu. Hakuinua kichwa. “Buya, hiyo saa yako inatazama mto au inatazama uso wako?”

Watu wakacheka. Mimi nilichomwa na kicheko kile, maana nilikuwa mtu wa safari, nimeona miji, na sasa nachekwa mbele ya wake za watu.

“Shangazi, hii inahesabu hata sehemu ya sekunde.”

“Vizuri. Na povu?”

“Povu gani?”

“Povu la katikati ya mto. Limepungua?”

Nilitazama. Povu lilikuwa likishuka vile vile, jingi, jeupe, limebeba matawi na maganda ya mahindi. Sikuona maana ya swali lake.

“Tunavuka bonde sasa hivi,” Shangazi akasema, sasa kwa sauti ya kila mtu. “Acheni kila kitu kisichobebeka.”

Komora akanijia. Alikuwa ameshika mundu. “Ndugu yangu, niambie ukweli. Nina muda gani?”

Mwanangu, hapo ndipo pa kosa langu. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema, muulize mama yako. Lakini nilihesabu mbele ya watu: vimebaki vidole vitano kufika juu ya ukingo, kila kidole nusu saa au zaidi. “Saa mbili na nusu,” nikamwambia. “Hata ukiwa mvivu.”

“Mbili na nusu zinanitosha kumaliza kipande chote.”

“Komora,” Shangazi akamwita, “mpunga utaota mwingine.”

“Mama, saa mbili tu. Buya ananihesabia.” Akanigeukia akinicheka. “Usisinzie, Bwana Saa!” Akashuka bondeni.

Nilibonyeza kitufe. Mshale mwekundu ukaanza kukimbia.

Shangazi aliwavusha wengine bondeni kwa miguu, wazee, watoto, mbuzi, na mke wa Komora akiwa na mafurushi kichwani. Kisha akarudi peke yake hadi pale nilipokaa. Alitazama ufito. Maji hayakuwa yamepanda hata nusu kidole tangu aondoke.

“Unaona Shangazi? Yamesimama kabisa,” nikasema kwa furaha.

Uso wake uliingia kivuli nisichowahi kukiona. “Yamekwenda wapi?” akaniuliza.

“Yapi?”

“Maji, Buya! Povu linashuka, mto unaletewa maji kutoka juu, na hapa hayapandi. Yamekwenda wapi?”

Hakuningojea nijibu. Alikuwa ameshaanza kukimbia kuelekea mtumbwi wetu uliofungwa ukingoni, mwanamke wa miaka yake, kanga imefungwa kiunoni. Nikamfuata, na kabla hatujafika nikawaona yangeyange, wale ndege weupe wa bondeni, wote wakiruka kwa pamoja. Halafu nikaisikia sauti. Haikuwa ya ngurumo. Ilikuwa kama watu wengi wanaoburuta magunia kwenye majani makavu.

Mto ulikuwa umevunja ukingo mahali fulani juu yetu, ukaingia kwenye njia yake ya zamani, na sasa ulikuwa unakuja kutoka nyuma. Nilitazama mkono. Dakika thelathini na nane.

Tulisukuma mtumbwi kutoka mtoni, tukauburuta kati ya nyumba hadi upande wa bonde, na bonde halikuwapo tena. Lilikuwa mto wa pili, mwekundu, unakimbia. Shangazi akasimama nyuma na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, mimi mbele. Aliniambia neno moja tu, “Tazama,” nami nikatazama mpaka macho yakauma. Magogo yalipita. Nyoka alipita akiwa amejikunja juu ya tawi. Kila kitu kirefu cheusi kwenye maji nilikihofia kuwa mamba.

“Komora!” niliita. “Komora!”

Shangazi alisukuma upondo na kuhema.

Tulimkuta amekumbatia mti wa mkoma, maji yakimfika kifuani. Gogo kubwa lilikuwa limekuja na maji likambana mguu kwenye shina. Midomo yake ilikuwa imepauka. Alituona, wala hakupiga kelele.

“Mama, mguu hautoki.”

Nilijitupa majini. Nilishika gogo, likanishinda. Maji yalikuwa yamefika shingoni mwake. Shangazi akaingiza upondo chini ya gogo, akaulalia kwa uzito wake wote, na mimi nikasukuma kwa bega. Upondo ukalia. “Tena!” Shangazi akasema. Gogo lilipanda kidogo, kidogo sana, nikamvuta Komora kwa kwapa, akapiga ukelele ambao ndio huo ninaousikia hadi leo. Kisha akawa huru. Upondo ulivunjika sekunde hiyo hiyo, na tulifika ng'ambo kwa kupiga kasia kwa kipande kilichobaki na kwa viganja vyetu.

Kwenye ardhi ya juu watu walimpokea Komora. Mguu wake chini ya goti ulikuwa umegeuka upande usiofaa. Mkewe alimshika kichwa. Mimi nilikaa chini, matope mwili mzima, kucha mbili zimeng'oka, na begani nguo na ngozi vimechanika pamoja.

Shangazi alikuja akasimama mbele yangu. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane.

“Saa yako ni nzima?” akaniuliza.

Niliifuta kwa kidole. Kaboni ilikuwa nyeusi vile vile. Kauri iling'aa. Kioo hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja, na mshale mwekundu ulikuwa bado unakimbia, haukuwa umepoteza hata sekunde.

“Nzima, Shangazi.”

“Haya,” akasema, akaenda kwa mtoto wake.

Hilo tu, mwanangu. Nimewahi kupigwa, nimewahi kufukuzwa kazi, nimewahi kulala rumande, lakini sijaadhibiwa na mtu kama nilivyoadhibiwa na neno lile. Niliondoka nyumbani mwezi ule ule. Watu walidhani ni tabia yangu ya kutangatanga. Nilikuwa nakimbia nisiuone ule mguu.

Niliporudi, baada ya miaka, Komora alikuwa na watoto wanne na anachechemea. Nilimpelekea ile saa. Aliigeuzageuza juani, akaitazama michirizi yake. “Nzuri kweli,” akasema. “Lakini mimi na mguu huu nitashindana mbio na nani?” Akacheka, akanirudishia, akaniambia niketi tule wali. Ulikuwa mpunga wa bondeni. Nikala.

Sasa nisikilize, kwa kuwa ninyi mna simu zinazowaambia mvua itanyesha saa ngapi na lori limefika wapi. Sikuambii uzitupe. Saa yangu haikudanganya siku ile. Kila dakika iliyonipa ilikuwa ya kweli, na mimi ndiye niliyeifanya iseme jambo isilolijua. Kabla hujaamini kipimo, muulize aliyekaa na kitu kinachopimwa maisha yake yote. Na mtu akikuuliza jambo ambalo uhai wake unalitegemea, nawe hulijui, mwambie hulijui, hata kama wanakucheka, hata kama umetoka mjini juzi. Na ukiona shida inapungua ghafla bila sababu, usishangilie. Jiulize kwanza imekwenda wapi.

Saa ipo sandukuni. Ufito wa Shangazi Zipora, ambaye tumeshamzika, anao Komora, na msimu wa mvua huwa tunakaa nao ukingoni, yeye akitazama alama na mimi nikitazama povu.

Mungu akupe macho ya kutazama, mwanangu, na akupe watu wa kukuuliza swali kabla hujakosea. Maji yakija, yakukute ng'ambo, pakavu, wewe na wote unaowapenda.