Gemu Nililoliposa Likiwa Tumboni

Siku niliyolipia gemu ambalo lilikuwa halijatoka, nilimpigia mama yangu simu Butiama kumpa habari. Mama hana haja na magemu. Ila binti yangu anaishi naye, na nilijua simu itawekwa kwenye spika, kwa hiyo binti angesikia.

"Umelipa?" mama akauliza.

"Nimelipa yote."

"Na kitu chenyewe kiko wapi?"

"Bado wanakitengeneza, mama. Kinatoka Juni. Unalipia mapema ili kikitoka uwe wa kwanza kukipata."

Akaguna.

"Hiyo si mpya. Zamani wazee walikuwaga wanaposa mimba. Mke wa rafiki yako ana tumbo, wewe unapeleka ng'ombe, unasema huyo aliye humo ndani ni wa mwanangu."

"Ndiyo hivyo hivyo, mama."

"Na akizaliwa dume?"

Nyuma yake nikamsikia binti akicheka. Kwa ajili ya kicheko kile niliacha kubishana.

Niseme wazi mimi ni nani, maana wengine wakisikia mtu mzima anangoja gemu la shujaa anayeruka juu ya maghorofa, wanadhani ni mtu asiye na kazi. Mimi nina stashahada ya elektroniki. Ada yake niliipata kwa kupakua samaki Mugango kila likizo, bila mjomba wala mfadhili. Nikaenda Doha, nikaanza kwa kubeba maboksi katika duka la vifaa vya umeme, nikaondoka baada ya miaka tisa nikiwa mkuu wa meza ya matengenezo. Nyumba yangu ya Kitaji, hapa Musoma mjini, nimeijenga kwa mikono hii, na karakana yangu inaletewa televisheni hata kutoka Tarime. Fundi wa mashine za gemu mwenye cheti mjini Musoma ni mmoja, naye ndiye anayeandika haya.

Kitu kimoja tu sikurudi nacho, nacho ni binti. Nilimwacha kwa mama yangu akiwa na miaka mitano. Mama yake mzazi na mimi tulikuwa tumeshaachana, akaolewa kwingine. Niliporudi binti alikuwa na miaka kumi na minne, kidato cha pili, na mimi kwake nilikuwa sauti ya simuni inayouliza amekula nini. Likizo ya kwanza alipokuja Kitaji alikaa kwenye ncha ya kochi kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Alijibu "ndiyo Baba" na "hapana Baba" kwa siku mbili. Siku ya tatu nikawasha mashine ya gemu, nikamkabidhi pedi ya kuchezea. Mchana ule alinifunga mara nne. Mara ya nne aliniambia, "Baba, wewe vidole vyako vina baridi yabisi." Ilikuwa sentensi yake ndefu ya kwanza kwangu.

Yeye ndiye aliyenionyesha kionjo cha gemu jipya. Shujaa wake ni mwanamke mwenye joho la kijivu ambaye anakusanya kelele za mji mzima kiganjani, mji unakuwa kimya, halafu anazirusha zote kwa mara moja. Tulikitazama kionjo hicho hadi nikakijua kama sala. Nikaona hapo ndipo mlango ulipo. Nikamwambia chumba chake kiko tayari, Musoma kuna shule nzuri, anaweza kuhamia kwangu.

Akasema, "Nitakuja Juni tucheze hilo gemu, halafu tutaona."

Hiyo "tutaona" ndiyo niliyoilipia.

Niliagiza kupitia duka moja la Dar es Salaam linaloleta magemu kutoka nje. Sikuchagua toleo la kawaida. Nilichagua la sanduku, lenye sanamu ya shujaa na ramani ya mji wake. Tena nilitaka diski, si la kupakua mtandaoni, kwa sababu mtandao wa mtaani kwetu ninaujua: wingu likitokea ziwani, unakatika. Nilijiona nimefikiria kila kitu.

Mwezi wa tano likaja tangazo. Gemu limesogezwa hadi mwisho wa Novemba, "ili kuwapa wachezaji ubora wanaoustahili." Nilisoma mstari huo nikasimama. Mimi nikimwambia mteja televisheni yake itakuwa tayari Jumatatu, halafu nimpe baada ya miezi sita na kumwambia ni kwa ajili ya ubora anaoustahili, ataniacha na meno? Niliwaandikia barua pepe kwa Kiingereza safi cha Doha. Nikajibiwa baada ya sekunde tatu na mashine, ikinishukuru kwa shauku yangu.

Binti hakuja Juni. "Si gemu bado, Baba?" alisema. "Basi nimsaidie Bibi kuvuna mtama."

Mama naye kila simu alikuwa na swali moja. "Mkwe wangu vipi? Mimba haijakomaa?"

Novemba likatoka kweli. Dar wakaniambia wamelipakia kwenye basi. Siku ya kwanza nikaenda stendi Musoma, halijafika. Siku ya pili, halijafika. Shule zikafungwa. Siku ya nne binti akapiga simu mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yake, akauliza, "Baba, nisubiri au nisisubiri?" Nikamwambia asubiri. Nikawasha gari nikaenda Bunda, kwa kuwa basi lile hupitia Bunda na mzigo huwa unashushwa kwa makosa.

Karani wa mizigo pale Bunda alikuwa mama mmoja mnene mwenye kalamu sikioni. Nilipomtajia jina langu alinitazama kuanzia viatu.

"Ni wewe mwenye lile boksi?"

"Ni mimi. Liko wapi?"

"Nimelificha. Limeandikwa GEMU, bwana. Hapa Bunda, nyuma yetu hapo ni mbuga. Unajua gemu ni nini hapa? Ni swala. Ni nyumbu. Askari wa gemu wakinikuta nalo, nitawaambia nini?"

"Mama, ni gemu la kucheza. La kwenye televisheni."

"Na mbona zito?"

"Lina sanamu ndani."

"Sanamu ya mnyama?"

"Ya mwanamke!"

Wapakiaji wawili waliokuwa wamekaa juu ya magunia wakaanguka kwa kicheko. "Mama, mpe mzee mwanamke wake," mmoja akasema. Karani alilinusa boksi kwa mara ya mwisho mbele yangu, na sitanii, alilinusa, ndipo akanipa. Siku nne gemu langu lilikuwa chini ya meza, limefunikwa kanga, likishukiwa kuwa kimoro, nyama ya nyumbu iliyokaushwa na majangili.

Sikurudi Musoma. Nilikata kona Makutano nikaenda moja kwa moja Butiama, kwa sababu nilitaka lifunguliwe mbele ya binti. Mama aliita na majirani wawili, akina mama wa jumuiya yake, waliokuwa wakimsikia akimtaja mkwe huyo tangu Januari. Binti alikata gundi kwa wembe, polepole, asiikwaruze picha. Akatoa sanamu. Wakaisifu, mama akasema huyo mwanamke anahitaji kula. Akatoa ramani ya kitambaa. Halafu akatoa kasha la chuma la diski, akalifungua, akaliinamisha kuelekea dirishani.

"Baba, hamna."

"Hamna nini?"

"Diski."

Ndani palikuwa na karatasi ndogo kama risiti, yenye herufi na tarakimu kumi na mbili. Unaziingiza kwenye mashine, halafu unalipakua gemu mtandaoni. Niligeuza sanduku, nikakuta maneno madogo chini kabisa: diski haimo. Nikafungua simu, nikatafuta ukurasa nilioagizia. Maneno yalikuwapo pale pale tangu mwanzo. Mimi, ambaye nimewasomea wateja wa Doha vitabu vya maelekezo kwa miaka tisa, nilisoma yote nikauruka mstari ule. Lakini bado nauliza: ni nani anayetengeneza kasha la diski, lenye shimo la diski, akaliuza bila diski?

Mama alichukua karatasi, akaigeuza pande zote mbili.

"Kazaliwa dume," akasema.

Majirani walicheka hadi mmoja akashika ukuta. Mimi sikucheka. Binti ndiye aliyeniokoa. Aliingia ndani akatoka na begi. "Twende Kitaji tukapakue," akasema.

Gigabaiti mia na ishirini. Nilinunua kifurushi, kikaisha kabla ya asilimia kumi na tano. Nikanunua kingine. Mvua ikanyesha, mtandao ukaondoka. Umeme ukakatika, kazi ikasimama, tukaanza tena tulipoishia. Kila asubuhi binti aliamka na kwenda kusoma namba kabla ya kunawa uso. "Thelathini na mbili, Baba." "Thelathini na mbili na nusu." Nilipandisha antena juu ya bati, nikaielekeza huku na kule, yeye akiwa chini akipiga kelele, "Hapo! Hapana, rudi! Hapo!" Tulikula sato wa kukaanga sakafuni mbele ya skrini yenye mstari wa bluu usiosogea. Alinifundisha kusuka nywele za ile sanamu, zilikuwa za nyuzi. Alinieleza walimu wake wote, yupi anatema mate akifundisha, yupi anaogopa mjusi. Na mimi muda wote nilikuwa na hasira, nikiuangalia ule mstari, nikihesabu siku zilizobaki za likizo.

Lilimalizika asubuhi aliyokuwa akifunga begi. Skrini ikawaka, shujaa akatokea na joho lake, akasimama akisubiri tubonyeze.

"Kwa hiyo shule zikifunguliwa," nikaanza, "tuanze habari ya uhamisho?"

Aliendelea kukunja sketi.

"Baba, mimi sihami. Bibi atabaki na nani?"

"Ulisema tutaona."

"Nilisema tucheze halafu tutaona. Ila la kuhama nilijua tangu siku ile."

"Mwaka mzima! Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Kila ukipiga ulikuwa unasema gemu linakuja."

Aliifunga zipu ya begi, akasimama mbele ya skrini, akamtazama shujaa, kisha akanitazama mimi.

"Nitakuja Juni. Na kila likizo. Usilicheze bila mimi."

"Sasa ndiyo nini hiyo?"

"Ukilicheza nitajua. Linaandika saa ulizocheza."

Kweli linaandika. Nimehakikisha.

Basi nina gemu nililolingoja karibu mwaka mmoja, limo katika mashine yangu, katika nyumba yangu, na siruhusiwi kuligusa. Vijana wanakuja karakana wakisimuliana walipofika, nawafukuza kabla hawajaniharibia mwisho. Kila wiki gemu linaomba marekebisho mapya, nalinunulia kifurushi, nalirekebisha, nazima. Mama akipiga simu anauliza, "Mkwe yupo?" Namwambia yupo. "Mmeshaanza kuishi?" Namwambia bado.

Juzi wakaniletea tangazo. Wanatengeneza sehemu ya pili, ukilipia mapema unapata joho la dhahabu. Safari hii nilivaa miwani nikasoma masharti yote hadi mstari wa mwisho kabisa. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe. Nikakiondoa, nikampigia binti, nikamuuliza kama anataka.

Akasema nisubiri kwanza, amuulize Bibi.