Hatua Mbili Nyuma

Nikifungua albamu hii, plastiki yake bado inanuka kama studio ya picha ya mjomba, kule Umoja. Wateja wake wa Jumapili, wakitoka kanisani, walikataa picha yoyote iliyokata viatu. Kwa hiyo siku aliponiachia kamera nimpige mama picha, mimi nilihangaikia viatu tu. Picha ilipooshwa, mama hakuwa na kichwa. Nikalia.

Mjomba aliitazama kwa muda. "Viatu umevipata vizuri. Na mikono, ona ilivyoshika sweta yako uliyoivua. Siku nyingine rudi nyuma hatua mbili, kichwa nacho kipate nafasi."

Mama aliibandika mwenyewe, ukurasa wa kwanza.

Uso wake ninao katika picha nyingi. Mikono yake iko hapa tu.