Kikoi kipya na mashine ya Ami

Kwetu Langoni tunachonga milango. Mashine yetu ya kutoboa mbao ilipokufa, Ami, ndugu ya baba yangu, alinituma dukani nichague nyingine. Hajawahi kuniamini hivyo, basi nikavaa kikoi kipya ili nionekane fundi.

Duka lilijaa watu, nami ni mtu wa haya. Ami akapiga simu ya video.

"Iwashe nione nguvu zake."

Nikaiwasha, nikaielekezea simu aione. Kwa kutazamwa na watu wote wale, jasho likanitiririka. Bila kufikiri nikainua pindo la kikoi nijifute uso, kama nifanyavyo kila siku.

Keke, ile ncha ya kutobolea, ikalidaka pindo. Kufumba na kufumbua, kikoi chote kilikuwa kimejizungusha kwenye mashine, nami nimebaki na kaptura yangu ya shule ya msingi, yenye kiraka mbele alichokishona Bi Mwana, mkewe Ami.

Mwenye duka akazima umeme. "Pole, fundi," akasema, akiuma mdomo.

Nikashusha simu nijisitiri nayo, kamera ikielekea kirakani. Nilisahau kwamba Ami bado anatazama.

"Ina nguvu, mwanangu," ikasema simu. "Chukua hiyo hiyo. Na Bi Mwana hapa asema kiraka chake bado kimeshika."