Friwili ya Mtani

Baiskeli yangu ni ya zamani kuliko mimi, na ina ukorofi ambao sijauona kwa nyingine yoyote hapa Tabora: haina friwili. Gurudumu la nyuma likizunguka, pedeli nazo zinazunguka, utake usitake. Hata kwenye mteremko huwezi kutuliza miguu ukapunga upepo kama watu. Niliirithi kwa baba mdogo, na kila asubuhi naikanyaga kutoka Cheyo hadi shule ninayofundisha upande wa Kitete, bodaboda wakinipita na kunipigia honi za huruma.

Fundi wangu alikuwa Mzaramo. Mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani. Babu zetu walibeba mizigo kichwani kutoka huku mpaka pwani, wakapokewa huko kwa dhihaka, na dhihaka ile haijaisha mpaka leo. Nikimwamkia, "Shikamoo, mtani," ananijibu, "Marahaba. Tua mzigo, umefika pwani." Nami namuuliza kama kwao kuna ngoma leo, maana naona hajagusa kazi.

Kazi aliijua, nisiseme uongo. Alinibadilishia siti iliyokuwa inaning'ata, akaweka raba mpya kwenye pedeli, akanyoosha usukani, akafunga breki ya mbele inayoshika kweli. Kila badiliko dogo lilinifurahisha wiki nzima. Lakini nilichokitaka hasa ni friwili, na hapo ndipo nilipokuwa simwelewi.

"Haiingii," alisema. "Habu, hiki kitovu cha gurudumu, ni ya kizamani, uzi wake hauwezi kushika friwili."

"Kweli?"

"Kweli tupu. Halafu Mnyamwezi akipumzisha miguu, anakufa."

Sasa hapo ukweli ni upi? Wiki iliyofuata alisema inaingia, ila tubadilishe habu nzima. Kisha akasema hapana, alikuwa ananitania. Kisha akaapa kwamba aliposema anatania ndipo alipokuwa anatania. Mimi, ambaye kutwa nzima natenganisha vema na kosa kwa kalamu nyekundu, nilirudi nyumbani nimekasirika na huku nacheka peke yangu barabarani.

Siku moja nilimkuta amekaa kwenye benchi. Akaninyooshea spana. "Kaza mwenyewe, mtani. Mikono yangu imegoma."

"Mzaramo na uvivu, chanda na pete," nikamwambia, nikainama nikakaza nati.

Alicheka mpaka akashika kifua. Alikuwa amekonda, nikamwambia mkewe ameanza kumnyima wali. Akasema habu imepatikana, nilete baiskeli Alhamisi. "Lakini uwahi. Usije ukakuta nimekufa."

"Ukifa nitashukuru. Nitapata fundi anayejua kazi."

Alifurahi sana na jibu lile. Ningesema nini kingine? Mtani ukimwambia pole, umemtukana. Hata hivyo njiani wasiwasi ulinishika, nikakifikiria kile kifua na ile mikono, kisha nikajikemea: ameshaninasa tena huyu.

Alhamisi nilikuta banda lake limefungwa. Mama anayeuza vitumbua hapo jirani akaniambia, "Mwalimu, mtani wako ametutoka alfajiri."

Nikacheka. Alishawahi kumtuma mama huyo huyo aniambie baiskeli yangu imeuzwa. "Mwambie sanda ninayo," nikasema.

Mama hakucheka. Alifunika vitumbua vyake kwa kanga, akanitazama tu. Nilisimama nimeshika usukani, nikisubiri kicheko kitokee nyuma ya banda. Sikujua niondoke au niendelee kusubiri.

Mwishowe niliikokota baiskeli hadi nyumbani kwa fundi. Turubai lilikuwa limeshafungwa na wanaume wamekaa kwenye mikeka. Mjane aliponiona alisema kwa sauti iliyokauka, "Mtani kafika. Haya, fanya kazi yako."

Kwetu mtani haji msibani kulia. Huja kuwachekesha waliofiwa, na asipofanya hivyo amewanyima haki yao. Hata wakati huo, Mungu anisamehe, sehemu yangu moja ilikuwa bado haijaamini.

Jeneza lilipoanza kutolewa ndani, nikailaza baiskeli mlangoni, nikawazibia wabebaji njia.

"Hatoki mtu hapa!" nikapiga kelele. "Tapeli huyu aliniahidi friwili leo. Kaona kazi ngumu, anajifanya amekufa! Mshusheni afunge habu yangu, mvivu mkubwa!"

Watu wakaangua kicheko. Mjane alicheka huku machozi yanamtiririka. Wabebaji wakasimama na jeneza mabegani, na mimi nikanyamaza kidogo, nimpe mtani nafasi anijibu.