Kimya cha Bi Simu

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuwauliza watu wameamkaje. Saa mbili asubuhi alikuwa ameshakaa kwenye kijichumba chake zahanati, kiti kibovu kimekingwa mguu kwa kipande cha boksi, daftari la wagonjwa wa kisukari na presha mbele yake, simu shavuni. Wagonjwa walimwita Bi Simu, naye akaitika mpaka akalizoea jina hilo kuliko alilopewa na mama yake.

Ungemwambia kazi hiyo ina ufundi, angecheka. Lakini ulikuwapo. Mtu mzima hakupi ugonjwa wake kama anayekuazima kiberiti. Ukimuuliza hali atakwambia nzuri. Hiyo ni adabu tu, ni kizingiti, nyumba yenyewe iko ndani. Basi Bi Simu akishajibiwa nzuri, hakusema kitu. Alisikiliza pumzi za upande wa pili na kuhesabu moyoni. Wengine walilegea kwenye tatu, wengine tano. Wakaidi, saba. Ndipo lilipokuja neno "ila", na nyuma ya ila ndiko ugonjwa ulikojificha.

Mkaidi wa wakaidi alikuwa Babu Randa, seremala mstaafu aliyeishi peke yake katika chumba kimoja cha nyumba ya wapangaji nyuma ya kiwanda cha matofali. Mikononi alikuwa na vidole vinane, na hakuwahi kueleza viwili vilikokwenda.

"Ila huu mguu," alisema mwaka mmoja, kwenye saba kamili, "naona umeninunia."

Mguu ulionuna ulikuwa na msumari ndani. Alikuwa ametembea nao siku nne bila kuusikia, maana kisukari kilishaua hisia za unyayo. Bi Simu alimtuma muuguzi saa ile ile, na mguu ukapona.

Kisha zahanati ikaletewa mtambo wa akili bandia. Mganga mkuu alimwita ofisini, akamkaribisha kiti kizuri.

"Hakuna anayekufukuza, dada. Wewe unawapigia watu arobaini kwa siku. Mtambo utawapigia mia nne kabla ya saa tatu, na utawapigia kwa sauti yako. Si wanaipenda? Wewe nenda masjala ukapumzike."

Wiki tatu alisoma sentensi mbele ya kinasa sauti. Fundi wa sauti alikuwa mtu mpole, masikio yake yamezibwa kwa vitu vikubwa kama vikombe. "Usikae kimya, mama," alikuwa akimkumbusha. "Kimya tunakikata, kinatuharibia kazi." Bi Simu akacheka, akaendelea. Mwisho akapewa karatasi aandike kila afanyalo akiwa kwenye simu. Alijaza kurasa nne: namna ya kuamkia, namna ya kuulizia dawa, namna ya kumrudia asiyesikia vizuri. Juu ya kusubiri hakuandika hata neno. Nani ataandika kwamba hapo hakufanya kitu?

Mumewe alipopata habari alijipiga paja. "Mwenzangu, miaka yote nakuomba upunguze maneno, kumbe unakwenda kuzaa mwingine!"

Masjala palikuwa baridi, pananukia karatasi. Kila ikigonga saa mbili alijua kwamba muda huo yumo katika nyumba za watu bila yeye. Ukutani walitundika skrini: mgonjwa mwenye hali nzuri alipewa doa la kijani, mwenye shida doa jekundu. Zamani, katika watu kumi, wanne walikuwa na la kusema. Sasa skrini ilikuwa kijani kama shamba baada ya mvua. Watu wamepona, wakasema wakubwa. Bi Simu alitamani kuamini.

Mwezi ulipotimia, mama mmoja mwenye presha akamkamata sokoni, mbele ya vitunguu.

"Wewe Bi Simu, siku hizi una haraka ya kwenda wapi? Mtu hajameza mate umeshaniaga!"

"Mimi?"

"Nani mwingine? Ile sauti ya jirani?"

Alicheka ili mama yule aondoke. Kisha akahesabu moyoni, kama zamani: kumeza mate hakufiki hata tatu. Aliviacha vitunguu pale pale, akarudi zahanati kulitafuta jina la Babu Randa. Madoa thelathini na moja, yote ya kijani, yamepangana kama shanga.

"Mtume muuguzi," alimwambia mganga mkuu.

"Kwa mtu wa kijani? Niwaache wekundu? Dada, mtambo umemuuliza jana na leo. Mwenyewe kasema nzuri."

Kesho yake asubuhi alikwenda mwenyewe. Harufu ilimpokea kabla ya mwenyeji.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba! Leo umekuja na mwili wako?" Babu Randa alikuwa kwenye benchi alilolichonga mwenyewe, mguu umefungwa shati kuukuu. "Nilijua umenichoka."

"Umeamkaje?"

"Nzuri."

Bi Simu akanyamaza. Mzee akatazama sakafu, akatazama mlango, akakuna goti. Saba.

"Ila huu mguu... umeninunia tena."

Alilifungua shati taratibu. Vidole vitatu vilikuwa vyeusi kama vijinga vya moto, na weusi ulishavuka kifundo. Hakuhitaji kuwa daktari kujua kwamba mguu ule hauponi tena, na kwamba kilichobaki kupiganiwa ni mtu mwenyewe.

"Tangu lini, Babu? Mbona hukusema?"

"Sikusema?" Mzee alikunja uso, ameumia kweli. "Nakwambia kila siku! Wewe ukishaaga ndiyo nami naanza. Simu inakuwa kimya, nikajua unanisikiliza, kama kawaida yako."

Bi Simu alitoa simu yake, akampigia muuguzi alete gari, upesi. Hajaiweka chini, simu ya mzee ikalia kwenye meza. Mzee akaibonyeza kwa kidole kilichonyooka, spika ikiwa wazi.

"Shikamoo, Babu. Umeamkaje leo?"

Ilikuwa sauti yake, ila imelala vizuri, haijawahi kukohoa. Babu Randa alikitazama kinywa cha Bi Simu kilichofumbwa. Akaitazama simu. Akakirudia kinywa.

"Mwambie, Babu," Bi Simu alinong'ona. "Mwambie mguu."

Lakini mtu hakurupuki na mguu mbele ya aliyemwamkia.

"Marahaba, mwanangu," mzee akasema. "Nzuri."

Moja. Mbili.

"Nafurahi kusikia hivyo. Siku njema."

Mzee alibaki ameishika simu. "Basi huyu," akauliza polepole, "huyu niliyekuwa nikimweleza mwezi mzima, ni nani?"

Bi Simu aliketi sakafuni. Aliushika mguu ule mapajani, akitega sikio kama gari linakuja. Gari halikusikika bado. Kilichosikika kilitoka nyuma ya ukuta, chumba cha jirani: sauti yake mwenyewe, changamfu, ikimwamkia mtu. Kisha ng'ambo ya ua. Kisha mbali zaidi, kwenye dirisha lililo wazi.

Na kila chumba kikaijibu, kwa adabu, nzuri.